Kuvuka mpaka wa Sirari bila viza

'''Kuvuka mpaka wa Sirari bila viza''' ni utaratibu unaowawezesha raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kupita kati ya Tanzania na Kenya katika kituo cha Sirari, Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, pasipo kuomba wala kulipia viza. Upande wa Kenya kituo kinachokabiliana na Sirari ni Isebania, katika Kaunti ya Migori.

Utaratibu huu unatokana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Watumiaji wake wakubwa ni wakazi wa wilaya za Tarime, Serengeti na Rorya wanaokwenda Kenya kwa matembezi, biashara, masomo au kuona ndugu, pamoja na Wakenya wanaokuja Tanzania kwa shughuli kama hizo au kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Mara nyingi watu hudhani kwamba "bila viza" maana yake ni "bila hati". Sivyo. Msafiri asiyehitaji viza bado anatakiwa kuwa na hati halali ya kusafiria, kupita katika kituo rasmi na kupigiwa muhuri.

Mahali

Sirari ni mji mdogo wa mpakani, takriban kilomita 20 kaskazini mwa mji wa Tarime. Unapitiwa na barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Bunda na Tarime. Baada ya mpaka barabara hiyo inaendelea hadi Migori, Kisii na Kisumu, na yenye matawi ya kwenda Nairobi. Kwa sababu hiyo mabasi na malori yanayosafiri kati ya Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya hupita hapo.

Kutoka Tarime kuna barabara nyingine inayokwenda kusini-mashariki kupitia Nyamongo, kuvuka Mto Mara na kufika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kutoka Mugumu msafiri anaweza kuingia hifadhini kupitia lango la Ikoma. Hivyo Sirari ni mlango wa karibu kwa mtu anayetoka magharibi mwa Kenya kwenda Serengeti.

Wenyeji wa eneo hili wengi ni Wakurya, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka. Koo kama Abakira, Abanyabasi na Abairege zina watu wake Tanzania na Kenya. Wajaluo nao wanaishi Rorya upande wa Tanzania na Migori upande wa Kenya. Kwa familia nyingi mpaka unapita kati ya nyumba ya baba na ya mjomba, na harusi au msiba upande mmoja huwakusanya watu wa nchi mbili.

Historia

Kuchorwa kwa mpaka

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulichorwa na wakoloni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo ya ushawishi kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba katika Bahari ya Hindi, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro na kuishia ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali inapopita latitudo ya digrii 1 kusini. Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mstari huo ng'ambo ya ziwa. Waliouchora hawakuzingatia koo wala malisho, na ndiyo sababu Wakurya, Wajaluo na Wamasai walijikuta katika makoloni mawili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, iliyokuwa pia inatawala Kenya. Mpaka ukawa hafifu zaidi kwa wasafiri wa kawaida, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na mtawala mmoja.

Jumuiya ya kwanza na kufungwa kwa mpaka

Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Katika kipindi hicho watalii wengi walianzia Nairobi, wakapita Hifadhi ya Masai Mara, wakaingia Serengeti kupitia lango la Bologonja na kuendelea hadi Ngorongoro.

Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo, baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kusimama, serikali ya Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya utalii kutoka Kenya yaliyokuwa ndani ya Tanzania yalizuiwa. Kwa wakazi wa Tarime maana yake ilikuwa kwamba kwenda kumwona ndugu ng'ambo kukawa kosa. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya zaidi ya miaka sita.

Jumuiya mpya

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Hata kabla ya hapo, mwezi Aprili 1999, nchi tatu zilikuwa zimezindua pasipoti ya Afrika Mashariki, iliyotumika ndani ya eneo hilo tu.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009. Ibara yake ya 7 inahusu uhuru wa watu kusafiri na inazitaka nchi wanachama kuwaruhusu raia wa nchi nyingine wanachama kuingia bila viza, kutembea ndani ya nchi, kukaa na kutoka.

Katika majadiliano ya itifaki hiyo Tanzania ilikuwa na tahadhari katika mambo mawili: matumizi ya vitambulisho vya taifa kama hati za kusafiria, na ardhi. Mambo yote mawili yaliachwa yaamuliwe na kila nchi, na matokeo yake yanaonekana hadi leo pale Sirari.

Wakati wa korona

Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu na magari ya abiria kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, kwa sharti la madereva kupimwa. Tukio hilo lilionyesha kwamba haki ya kuingia bila viza inaweza kusimamishwa kwa sababu ya afya ya jamii, jambo ambalo itifaki yenyewe inaliruhusu.

Viza, pasipoti na kibali

Maneno matatu huchanganywa mara kwa mara:

* '''Pasipoti''' ni hati ambayo mtu hupewa na nchi yake mwenyewe. Inathibitisha yeye ni nani na ni raia wa wapi.
* '''Viza''' ni idhini inayotolewa na nchi anayokwenda, kwa kawaida kabla ya kufika, ya kumruhusu kujitokeza mpakani na kuomba kuingia.
* '''Kibali cha kuingia''' hutolewa na ofisa uhamiaji mpakani. Kwa mgeni wa matembezi huwa ni muhuri ndani ya pasipoti, wenye tarehe na muda wa kukaa.

Itifaki imeondoa jambo la pili tu. La kwanza na la tatu yamebaki. Mtu aliyevuka bila muhuri hawezi kuonyesha aliingia lini wala kwa idhini ya nani, na akikutwa ndani ya nchi huhesabiwa kuwa ameingia kinyume cha sheria hata kama ni raia wa Jumuiya.

Masharti kwa raia wa Jumuiya

Hati ya kusafiria

Raia wa nchi mwanachama anatakiwa kuonyesha hati halali inayotambuliwa na pande zote mbili. Hati zinazotumiwa na Watanzania ni hasa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa nchini Tanzania tarehe 31 Januari 2018, na hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki inatumika duniani kote, tofauti na ile ya mwaka 1999. Hati ya dharura huwafaa wale ambao hawana pasipoti na wana safari fupi ya nchi jirani, kwa mfano wafanyabiashara wadogo au watu wanaokwenda msibani.

Kuanzia Januari 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri kati ya nchi hizo kwa kutumia vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika makubaliano hayo. Kwa hiyo Mkenya anayezoea kwenda Uganda kwa kitambulisho chake asidhani kwamba kitambulisho hicho peke yake kinamtosha Sirari. Vivyo hivyo kitambulisho kinachotolewa na NIDA ni uthibitisho wa utambulisho ndani ya Tanzania, si pasipoti.

Kituo rasmi

Kanuni za itifaki zinataka msafiri aingie na kutoka kupitia vituo vilivyotangazwa na serikali. Kupita shambani mita mia moja kutoka kituoni, hata kama mtu ana pasipoti mfukoni, si kuingia kihalali.

Muda wa kukaa

Mgeni kutoka nchi mwanachama anaweza kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita, bila malipo. Neno muhimu hapa ni "hadi". Ofisa huuliza sababu ya safari na mahali pa kufikia, kisha huandika muda. Msafiri anatakiwa kusoma tarehe iliyoandikwa kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu ni hiyo inayomfunga, si miezi sita aliyoisikia. Anayehitaji muda zaidi anatakiwa kwenda ofisi ya uhamiaji kabla ya kibali kuisha.

Cheti cha chanjo

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa sababu hiyo msafiri anayeingia Tanzania akitokea Kenya anaweza kudaiwa cheti cha kimataifa cha chanjo hiyo, kinachojulikana kwa watu wengi kama kadi ya njano. Tangu Julai 2016, kufuatana na kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho ni halali kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kimeandikwa kuwa ni cha miaka 10. Chanjo inapaswa kutolewa angalau siku 10 kabla ya safari.

Sababu za kukataliwa

Kutohitaji viza si uhakika wa kuingia. Itifaki inaziruhusu nchi kumzuia mtu kwa sababu za usalama, utulivu wa umma au afya ya jamii. Pia sheria za uhamiaji za nchi zote mbili zinamruhusu ofisa kumkataa mtu mwenye hati iliyokwisha muda, hati ya kughushi au maelezo ya uongo.

Hatua za kituoni

Sirari na Isebania hufanya kazi kama kituo cha huduma za pamoja mpakani. Katika mfumo huu maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Anayetoka Tarime kwenda Migori hupita Sirari bila kusimama na kumaliza yote Isebania. Anayetoka Migori kwenda Tarime humaliza yote Sirari. Jumuiya ilitunga sheria ya vituo vya aina hii mwaka 2016.

Kwa kawaida hatua ni hizi:

# Ukaguzi wa afya, pamoja na cheti cha chanjo inapohitajika.
# Dirisha la uhamiaji la nchi anayotoka, ambako hugongewa muhuri wa kutoka.
# Dirisha la uhamiaji la nchi anayoingia, ambako huulizwa maswali na kugongewa muhuri wa kuingia.
# Forodha, kwa ajili ya mizigo, bidhaa na magari.

Kosa linalotokea kwa wanaosafiri mara ya kwanza ni kupata muhuri mmoja na kusahau wa pili, kwa kuwa madirisha yako karibu. Bila muhuri wa kutoka, kumbukumbu za nchi ya kwanza huonyesha kwamba mtu huyo bado yumo ndani, na akirudi baadaye anaweza kuhesabiwa kuwa alizidisha muda.

Yaliyoruhusiwa na yasiyoruhusiwa

Kibali cha matembezi kinamruhusu mwenye nacho kutalii, kuona ndugu, kutibiwa, kuhudhuria mkutano au kupita kwenda nchi nyingine. Hakimruhusu:

* kuajiriwa au kufanya kazi ya malipo; anayeajiriwa Tanzania anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi;
* kusoma kwa muda mrefu; mwanafunzi huhitaji kibali cha mwanafunzi;
* kumiliki ardhi. Ibara ya 15 ya itifaki inaacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi, na sheria ya Tanzania hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Jambo la mwisho ni zito kwa familia za mpakani. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kuria, Kenya, hawezi kupewa shamba Tarime kwa hoja tu kwamba ni la ukoo wake, kama yeye si raia wa Tanzania.

Biashara ndogondogo

Wafanyabiashara wadogo wanaopeleka mahindi, ndizi, maharage au bidhaa nyingine zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya wanaweza kutumia utaratibu uliorahisishwa wa forodha, iwapo thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Mazao na mifugo huhitaji pia vibali vya afya ya mimea na wanyama. Ng'ombe hasa hukaguliwa kwa makini, kwa kuwa wizi wa mifugo wa kuvuka mpaka umesumbua eneo hili kwa miaka mingi.

Watalii kutoka nje ya Jumuiya

Kwa wageni wengine kila nchi ina masharti yake, na ruhusa ya nchi moja haitumiki nchi nyingine.

'''Tanzania''' huwataka raia wa nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Asia kuwa na viza, ambayo inaweza kuombwa kwa njia ya intaneti. Baadhi ya nchi zimesamehewa, zikiwemo nchi kadhaa za kusini mwa Afrika kama Zambia, Malawi, Botswana na Afrika Kusini. Wasiohitaji viza hupewa kibali cha matembezi mpakani, kwa kawaida kisichozidi miezi mitatu.

'''Kenya''' iliondoa viza kwa wageni wote mwezi Januari 2024, lakini ikaweka badala yake idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo mgeni huiomba kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Mwaka 2025 msamaha ulipanuliwa kwa raia wa nchi nyingi za Afrika. Mgeni mwingine anayefika Isebania bila idhini hiyo anaweza kurudishwa.

Kuna pia '''viza ya utalii ya Afrika Mashariki''', iliyoanza mwaka 2014, inayomruhusu mtalii kutembelea nchi kadhaa kwa viza moja ya siku 90. Jina lake huwapotosha wengi: nchi zinazohusika ni Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo. Mtalii aliye nayo, akitoka Masai Mara kwenda Serengeti, lazima apate viza ya Tanzania kwanza, isipokuwa kama nchi yake imesamehewa.

Ada za hifadhi ni jambo tofauti na viza. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha Serengeti kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wanaolipa kwa dola. Ili kupata kiwango hicho lazima aonyeshe pasipoti au kitambulisho langoni.

Lango la Bologonja

Hifadhi za Serengeti na Masai Mara ni eneo moja la wanyama. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huhama, wakivuka Mto Mara na mpaka wa nchi mbili kwenda na kurudi. Watalii hawawezi kufuata njia hiyo. Lango la Bologonja, kaskazini mwa Serengeti, lilifungwa pamoja na mpaka mwaka 1977 na halikurudishwa kuwa njia ya kawaida ya watalii hata baada ya 1983.

Matokeo yake ni kwamba mtalii aliye Masai Mara, akiwa anaiona Serengeti kwa macho, hulazimika kuzunguka. Wapo wanaorudi hadi Nairobi na kupita Namanga. Wengine hupita Isebania na Sirari kwa gari. Wengine huruka kwa ndege ndogo hadi Migori, huvuka mpaka kwa gari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime kwenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti.

Hoja za kulifungua lango hilo zimetolewa mara nyingi. Wanaotaka lifunguliwe husema lingerahisisha safari na kuongeza wageni. Wanaopinga husema watalii wangelala Kenya na kuingia Serengeti kwa siku moja tu, hivyo hoteli, waongozaji na wilaya za Tanzania zingekosa mapato huku hifadhi ikibeba mzigo wa magari mengi. Kwa miji ya Tarime na Mugumu suala hili lina uzito wa pekee, kwani mgeni anayezunguka kwa barabara kupitia Sirari hununua mafuta, chakula na malazi njiani.

Magari ya utalii nayo yana mipaka yake. Makubaliano ya Tanzania na Kenya ya mwaka 1985 yaliweka masharti kwa magari ya kampuni za utalii ya nchi moja kuingia nchi nyingine, na yamezua mabishano zaidi ya mara moja, kwa mfano mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya ilipoyazuia magari ya Tanzania kuchukua watalii katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kwa sababu hiyo wageni wengi wa safari za kulipia hubadilishiwa gari mpakani.

Magari, mizigo na fedha

Mwenye gari binafsi anatakiwa kuwa na kadi ya usajili, kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, na bima inayotambuliwa ng'ambo. Bima inayotumika kwa kawaida ni ile ya COMESA, inayoitwa pia kadi ya njano. Isichanganywe na kadi ya njano ya chanjo: moja ni ya gari, nyingine ni ya mtu. Asiye mmiliki wa gari anatakiwa kuwa na barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Msafiri aliye nayo huitoa mpakani.

Anayebeba fedha taslimu za thamani ya dola 10,000 za Marekani au zaidi hutakiwa kuzitolea taarifa forodhani.

Watoto

Mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria. Akisafiri na mzazi mmoja au mtu mwingine, inafaa kuwa na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi, kwa kuwa maofisa wana wajibu wa kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya uhalifu huo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2010.

Katika eneo hili ukaguzi wa watoto una sababu nyingine pia. Wasichana wamekuwa wakivushwa mpaka ili wakakeketwe upande wa pili, hasa wakati wa likizo za Novemba na Desemba, kwa kudhani kwamba sheria ya nchi moja haifiki nchi nyingine. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu mwaka 1998. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaukataza na inamhesabu kuwa mkosaji pia anayemvusha mtu mpaka kwa lengo hilo. Mwezi Aprili 2019 Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zilikutana Mombasa na kuahidi kushirikiana kuuzuia ukeketaji wa kuvuka mipaka.

Njia za panya

Mpaka wa Tarime hauna ukuta wala mto mkubwa. Mahali pengi unatambulika kwa mawe ya mipaka tu, na vijia vya miguu hupita kati ya mashamba. Vijia hivyo huitwa '''njia za panya'''. Watu wengi huvitumia kwa shughuli za kila siku, kama kwenda sokoni, kisimani au kanisani, na wengi wao hawajioni kuwa wamesafiri nje ya nchi.

Kisheria, hata hivyo, kuingia nchini pasipo kupita kituo rasmi ni kosa. Hatari yake haiko sana pale mpakani, ambako watu wanajulikana, bali mbali zaidi. Mtu aliyevuka kwa mguu hadi Isebania na kisha akapanda gari kwenda Kisumu hana cha kuonyesha akisimamishwa njiani. Akiugua, akipata ajali au akiwa shahidi katika kesi, hana uthibitisho kwamba yuko huko kihalali. Mzigo wake unaweza kutaifishwa kama magendo, hata kama ungesamehewa ushuru endapo angepita forodha.

Kwa wanawake wanaofanya biashara ndogo jambo hili lina gharama zaidi. Asiyejua kwamba kibali hakilipiwi na kwamba mzigo wake mdogo una msamaha, huona njia ya panya kuwa nafuu, kumbe ndiyo inayomweka mikononi mwa matapeli wanaodai "ada" zisizo na stakabadhi.

Suala la uraia

Kwa kuwa familia nyingi zina watu wa pande mbili, wapo waliojikuta na hati za nchi zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Hivyo Mtanzania anayechukua kitambulisho cha Kenya ili asafiri kwa urahisi anaweza kuhatarisha uraia wake, na pamoja nao haki ya ardhi, kura na ajira ya serikali. Kwa safari ya siku mbili, hati ya dharura ya safari huondoa haja ya hatari hiyo.

Mabadiliko ya masharti

Masharti ya kuingia nchi hubadilika. Idadi ya nchi wanachama wa Jumuiya imeongezeka: Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikafuata. Utekelezaji wa uhuru wa kusafiri kwa nchi zilizojiunga baadaye umekwenda kwa hatua. Msafiri hushauriwa kuuliza Idara ya Uhamiaji kabla ya safari, na kudai stakabadhi kwa malipo yoyote anayoambiwa alipe mpakani.